Damu ya Wazazi Wawili

Mtoto akigundulika ana sikoseli, wa kwanza kuulizwa huwa ni mama. Kwenu kuna nini? Ndugu wa mume hukaa upande mmoja wakimtazama kana kwamba ndiye aliyeleta balaa nyumbani. Wapo wanawake walioachika kwa sababu hiyo, na inauma, kwa kuwa ugonjwa huu haumpati mtoto mpaka baba na mama, wote wawili, wamrithishe kinasaba chenye hitilafu.

Binadamu kwa kawaida ana kromosomu 46, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Katika kromosomu ya 11 kimo kinasaba kinachoongoza utengenezaji wa himoglobini, protini inayosafirisha oksijeni ndani ya damu. Hitilafu ya sikoseli ni ndogo mno, sawa na herufi moja iliyoandikwa vibaya. Lakini himoglobini inayotokana nayo hugandana oksijeni inapopungua, na chembe nyekundu, ambayo ilipaswa kuwa ya duara na laini, hupinda kama mundu. Chembe hizo hukwama katika mishipa myembamba. Hapo ndipo mtoto hulia usiku kucha akishika miguu. Tena hazidumu. Chembe ya kawaida huishi siku zipatazo 120, hizi hufa ndani ya siku 10 hadi 20, ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu na macho yake huwa ya manjano.

Aliyerithi kinasaba kimoja tu, yaani mwenye AS, kwa kawaida haugui. Hulima, hucheza mpira, huoa au huolewa bila kujua lolote. Akikutana na mwenzake wa AS, kila mimba yao ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa, 2 kati ya 4 ya mtoto mwenye AS kama wao, na 1 kati ya 4 ya mtoto asiye nacho kabisa. Hesabu hiyo huanza upya kila mimba inapotungwa. Kuwa na mtoto mmoja mgonjwa hakumlindi anayefuata.

Na kwa nini kwetu ni wengi hivi? Tanzania peke yake hukadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye sikoseli kila mwaka. Jibu ni malaria. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wenye AS hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hiki kimeenea kando ya Ziwa Victoria na mwambao wa pwani, kwenye mbu wengi, na ni adimu katika nyanda za juu zenye baridi. Kilichowaokoa babu zetu utotoni ndicho kinachowatesa baadhi ya wajukuu wao. Sioni mahali pa laana wala uchawi katika habari hiyo.

Lakini si kila hitilafu anayozaliwa nayo mtoto hurithiwa kama sikoseli. Mtoto mwenye sindromu ya Down ana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili, na mara nyingi kabisa hilo hutokea kwa bahati tu wakati yai au mbegu inapoumbika. Umri wa mama ukisogea uwezekano huongezeka, ila hakuna ukoo wa kulaumiwa.

Kipimo cha damu hutambua sikoseli tangu mtoto anapozaliwa, na kuwahi ndiko kunakookoa, maana dalili za kwanza, mara nyingi viganja na nyayo kuvimba, huanza kujitokeza akikaribia miezi sita. Hupewa penisilini ya kumkinga na maambukizi, foliki asidi na kinga ya malaria. Ipo pia dawa iitwayo haidroksiyurea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha watoto wa Kilifi nchini Kenya, Uganda, Kongo na Angola, ulionyesha kuwa inapunguza maumivu, maambukizi na hata vifo. Mzazi naye hufundishwa kupapasa tumbo la mtoto upande wa kushoto, chini ya mbavu, lilipo bandama. Likivimba ghafla na mtoto akapauka, damu yake imejikusanya humo. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asingojewe asubuhi.