Bloki ya 62 au Sproketi ya Meno 42?

Mwenye pikipiki ya kichina ya cc 125, akiwa na abiria mmoja na gunia la mahindi, akitoka Kisaka, huku Serengeti, kwenda Mugumu au akikata kuelekea Nyamongo, hakosi mlima wa kumrudisha gia ya kwanza huku injini ikilia. Akiuliza kijiweni, jibu ni moja: funga bloki ya 150. Fundi anashusha bloki ya zamani, anapandisha pana zaidi pamoja na pistoni yake, jioni uko barabarani. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, tatizo ni kwamba linauzwa bila hesabu.

Nyingi ya pikipiki hizo za kichina zina injini iliyoigwa kutoka Honda CG125. Pistoni yake ina upana wa milimita 56.5 na inapanda na kushuka milimita 49.5, ukipiga hesabu unapata cc 124. Seti inayoitwa ya 150 inapanua tundu hadi milimita 62, mwendo wa pistoni ukibaki ule ule, na hapo unafika cc 149. Ongezeko ni asilimia 20. Hicho ndicho kikomo cha matarajio yako, na kwa kawaida hukifikii, kwa kuwa hedi, valvu na kabureta ni zile zile zilizotengenezwa kulisha injini ndogo.

Sasa piga magoti nyuma ya pikipiki uhesabu meno ya sproketi. Tuseme mbele yapo 15 na nyuma 38. Gawanya: 2.53. Ukifunga 14 mbele na 42 nyuma, inakuwa 3 kamili. Kwa gia ile ile, nguvu ya kuvuta inayofika kwenye tairi imepanda asilimia 18. Umepata karibu kila kitu kinachoahidiwa na bloki ya 62, na hakuna nati hata moja ya injini iliyofunguliwa. Sproketi na cheni ni vitu ambavyo ungevinunua hata hivyo, maana vumbi na tope la huku havivipi umri mrefu. Utahitaji cheni ndefu kidogo kuliko ya sasa, na uangalie kava lisikwaruzwe.

Unalipa kwa mwendo. Pale injini ilipokuwa inakupa kilomita 80 kwa saa, kwa mizunguko ile ile sasa itakupa kama 68. Kwa anayeishi kwenye barabara za vumbi za Kisaka, hasara hiyo iko kwenye karatasi tu. Sijui ni wapi kati ya Kisaka na Kenyamonta mtu mwenye abiria anafika 80 na akili zake zikiwa timamu. Anayeshinda kwenye lami ya Musoma na Sirari ataichukia. Huyo abadilishe ya mbele peke yake, 15 iwe 14, apate asilimia 7 na aishie hapo.

Lakini kuna jambo linalowapoteza wengi zaidi. Karibu kila anayefunga bloki ya 150 anarudi kijiweni akisifia, na hadanganyi. Ila injini aliyokuwa nayo ilikuwa imechoka, inakula oili, kompresheni imekwisha. Analinganisha bloki mpya na bloki iliyokufa. Angefunga hata mpya ya 125 angesifia vilevile.

Kipimo cha kujua kama bloki imekufa ni rahisi. Toa plagi, funga geji ya kompresheni, piga kiki mara kadhaa na usome. Kisha mimina kijiko kimoja cha oili ya injini kwenye tundu la plagi, piga kiki tena. Namba ikipanda sana, upepo ulikuwa unapita kwenye ringi, na bloki ndiyo mgonjwa. Isipobadilika, mara nyingi kinachovuja ni valvu. Hapo hata ukifunga bloki ya dhahabu mlima utabaki pale pale. Fundi asiye na geji anaweza kutumia mguu, ugumu wa kiki unaonekana, ingawa mimi ningeenda kwa mwenye geji.

Ikiwa ringi ndizo zimekwisha, bado kuna njia ya bei nafuu kuliko seti: kuchonga silinda na kuweka pistoni ya ovasaizi, kuanzia milimita 0.25 hadi 1.00. Hata hiyo ya 1.00 inakupeleka cc 128 tu. Huongezi nguvu, unarudisha iliyopotea. Inahitaji fundi wa mashine ya leti anayejua kazi, kwa hiyo ongeza nauli ya kwenda Tarime au Musoma na siku ambazo pikipiki haileti hesabu. Wakati mwingine ukijumlisha hayo, bloki mpya ya 125 inatoka rahisi zaidi.

Anayetaka 62 licha ya hayo, aende dukani na vipimo. Chini ya bloki kuna slivu, lile bomba la chuma linaloingia ndani ya kesi ya injini. Ya 62 mara nyingi ni nene kuliko tundu la kesi ya 125, na hapo ndipo bei ya dukani inapoacha kuwa bei ya kazi. Ili kupanua tundu hilo inabidi injini ishushwe yote, kesi ipasuliwe, ipelekwe leti. Kuna mafundi wanaoingiza tupa hapo hapo huku krankshafti ikiwa ndani. Vumbi la alumini linashuka kwenye beringi, na baada ya muda unaanza kusikia injini ikigonga. Ukiona tupa inakaribia, chukua pikipiki yako.

Hedi nayo ina maneno yake. Ikiwa mbano wa injini ulikuwa 9 kwa 1 na chumba cha moto hakikubadilika, kupanua tundu hadi 62 kunaupandisha karibu 10.6. Kwa petroli ya chupa ambayo hujui imechanganywa na nini, injini itagonga na kuchemka mlimani. Ndiyo maana seti nzuri inakuja na pistoni iliyochongwa juu ili kupunguza mbano, na gasketi yenye tundu la 62; gasketi ya zamani itachomoza ndani na kuungua. Ringi ziingize kwenye bloki peke yake, uzisukume kwa pistoni zikae sawa, upime mwanya kati ya ncha za kila ringi kwa fila geji. Karibu milimita 0.25 ni sawa. Ncha zikigusana, ringi zitakwama injini ikipata moto.

Halafu mafuta. Tuseme ulikuwa unatumia lita 4 kwa siku, injini mpya ikaongeza sehemu moja ya kumi, na lita ni shilingi 3,000. Ni 1,200 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 31,200. Mwaka mmoja unakula 374,400. Weka bei ya sasa ya EWURA kwa Serengeti, ambayo hutangazwa kila mwezi, urudie hesabu. Klachi pleti sijaziweka humo, nazo zitalalamika.

Wanaosema bora uuze ununue Boxer 150 wana hoja nzito kuliko wenyewe wanavyojua. Pistoni ya Boxer BM150 ina upana wa milimita 56, nyembamba kuliko ya mchina wa 125! Inafika cc 144.8 kwa sababu mwendo wake ni mrefu, milimita 58.8, na ndiyo maana inavuta vizuri chini. Hedi, klachi na kabureta vimepangwa kwa ukubwa huo tangu kiwandani. Kwa mwenye pikipiki iliyokwisha fremu na waya, kuiongezea bloki ni kuchelewesha tu ununuzi huo.

Mwenye mkataba na tajiri asifungue chochote bila ruhusa ya maandishi. Injini bado si yake. Namba ya injini iko kwenye kesi, kwa hiyo bloki haiibadilishi, lakini kadi ina cc zake, na siku ya kuuza mnunuzi makini atauliza. Risiti ya EFD idai, hata kama muuzaji atakuonyesha bei mbili. Spea za Isebania huwa zinavutia kwa bei, ila ukigundua nyumbani kwamba pistoni ni ya 63.5, kuvuka mpaka kwenda kuirudisha ni gharama nyingine.

Bloki ya zamani usimwachie fundi. Ipake oili, ifunge kwenye mfuko pamoja na pistoni yake. Ya 62 ikikushinda, hiyo ya zamani inachongwa ovasaizi na kurudi pale ilipotoka.