Kibati: maharage yapo, kuni ziko wapi?
Mwishoni mwa 2008, mapigano kati ya jeshi la Congo na waasi wa CNDP yaliwasukuma makumi ya maelfu ya watu hadi Kibati, kaskazini mwa Goma. Shirika la WFP liliwaletea chakula cha msaada: unga wa mahindi, maharage, mafuta.

Mafiga hayakuwa shida, maana ardhi yote pale ni mawe ya volkano ya Nyiragongo. Kuni ndizo zilizowasumbua akina mama. Maharage makavu hutaka saa kadhaa motoni, na msitu wa karibu ni Hifadhi ya Virunga: kukata miti marufuku, wenye silaha wamejificha humo. Kuyaloweka usiku kucha huokoa kuni, lakini juu ya mawe hayo maji nayo ni ya kuletwa.