Ndoo Themanini Juu ya Bati

Kabla ya saa moja asubuhi, barabara za miji midogo ya Tanzania kama Lushoto, Mbinga na Kasulu hujaa watoto waliovaa sare. Wengi hawakubeba madaftari tu. Huyu ana fagio, yule ana kidumu cha maji cha lita 5, mwingine ana jembe begani kwa kuwa leo ni zamu ya darasa lake shambani. Wakifika, mwalimu wa zamu na viranja hugawa maeneo: darasa la tatu mbele ya ofisi, la tano kwenye bustani, la sita kujaza pipa la vyooni. Kengele, ambayo mara nyingi ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini, hugongwa. Watoto hupanga mstari, hukaguliwa kucha, huimba, kisha huingia darasani. Kazi imekwisha, masomo yanaanza.

Mfikirie mtoto wa darasa la tano aliyetoka kumwagilia matuta ya mchicha. Anajua kwamba tuta lililo karibu na ukuta hunyauka mapema kuliko mengine. Anajua kwamba kwenye tuta la chini maji husimama kidogo kabla ya kuzama, na kwamba kule juu huzama mara moja. Dakika 20 baadaye ananakili ubaoni kwamba udongo uko wa aina tatu: kichanga, tifutifu na mfinyanzi. Anaandika kwa mwandiko mzuri, anapata alama ya vema. Hakuna anayemuuliza udongo wa bustani aliyoimwagilia ni wa aina gani, wala yeye hafikiri kwamba vitu hivyo viwili vinahusiana. Udongo wa ubaoni ni wa mtihani. Udongo wa bustanini ni wa zamu.

Shule zetu hazina upungufu wa kazi za mikono. Mtoto wa shule ya wilayani hufagia, huteka maji, hupanda miti, hulima, hufuga kuku wa mradi na hupaka chokaa mawe ya njiani. Kinachokosekana ni swali linalopaswa kuifuata kazi. Kazi isiyo na swali hubaki kibarua, na swali lisilo na kazi huishia kukaririwa. Kwa muda mrefu tumewapa watoto vyote viwili kwa wingi, lakini tumevitenga.

Faida ya kuviunganisha tunaijua, kwa kuwa ushahidi wake umetoka hapa hapa kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi wa pale walizoea kutengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, huchanganya sukari, huyaacha yapoe, kisha huyatia kwenye jokofu. Nafasi ndani ya jokofu iligombaniwa. Siku moja Mpemba alimwona mwenzake anawahi kuweka maziwa yasiyochemshwa kabisa. Akaona kwamba akisubiri yake yapoe atakosa nafasi, akayaingiza yangali ya moto. Baada ya dakika 90 hivi, yake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga alimweleza kwamba yeye huweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi. Mfanyabiashara wa mjini alikuwa akilitumia jambo ambalo darasa lilikuwa limelikataa. Mpemba alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya kidato cha tano na sita, aliuliza tena. Akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na wenzake wakaigeuza kauli hiyo kuwa utani wa kila alipokosea.

Siku moja akakuta maabara ya baiolojia iko wazi. Akachukua bika mbili ndogo, moja akaitia maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziingiza kwenye jokofu la maabara. Baada ya saa nzima, ile ya maji ya moto ndiyo iliyokuwa na barafu nyingi zaidi. Kisha Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, akaalikwa shuleni kuzungumza. Mpemba akasimama na kuuliza swali lake, na wanafunzi wakacheka. Osborne mwenyewe alieleza baadaye kwamba alidhani kijana amekosea. Hata hivyo aliahidi kwenda kujaribu, na aliporudi chuoni akamwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, na akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Majaribio yaliporudiwa, jibu likawa lile lile. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala ya pamoja katika jarida la Physics Education, na tangu hapo dunia huliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Wanasayansi bado wanabishana juu yake. Wapo waliorudia vipimo wasione tofauti, na wapo wanaosema linatokea katika mazingira fulani tu. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ilipotangaza zawadi kwa maelezo bora, ilipokea majibu zaidi ya 20,000. Lakini kwa mwalimu wa shule ya wilayani, uzito wa habari hii hauko kwenye barafu. Uko kwenye mambo manne yaliyokutana: mwanafunzi aliyefanya kazi kwa mikono yake, swali ambalo hakukubali kulitupa, mlango wa maabara uliokuwa wazi, na mtu mzima aliyejaribu kwanza kabla ya kuhukumu. Lingekosekana moja kati ya hayo manne, hatungekuwa na habari ya kusimulia.

Wazo la kuunganisha kazi na masomo si geni kwetu. Mwezi Machi 1967, majuma machache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Wengi tunalikumbuka kama agizo la kila shule kuwa na shamba. Andiko lenyewe linadai zaidi ya hapo. Nyerere alitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi za shamba na kuamua mapato yatumikeje, na alitaka kinachofundishwa darasani kuhusu mbolea kionekane shambani kwa macho. Shamba lilikusudiwa kuwa kitabu. Miaka ya 1970 shule za sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu, na shule za ufundi kama Moshi, Tanga na Ifunda zikatoa mafundi ambao kazi ya mikono yao bado inaonekana nchini.

Katika shule nyingi, hata hivyo, tulibakiza jembe tukaacha kitabu. Shamba likageuka mahali pa kupeleka wakosaji. Aliyechelewa namba anafyeka, aliyefeli hesabu anang'oa kisiki, aliyezungumza darasani anamwagilia peke yake hadi jua kali. Mazao yalipovunwa, wanafunzi wengi hawakuonyeshwa hata daftari la mapato. Tusishangae basi wazazi waliopitia shule hizo wanaposikia elimu ya vitendo na kuikunjia uso. Mtoto aliyeadhibiwa kwa jembe miaka 7 hawezi kuambiwa mwaka wa 8 kwamba kilimo ni taaluma.

Upande wa pili, mtihani uliimaliza kazi. Mtihani wa darasa la saba kwa miaka mingi umejaa maswali ya kuchagua herufi, na mwalimu anayepimwa kwa ufaulu hufundisha kinachoulizwa. Mwaka 2014 kampeni ya kujenga maabara tatu katika kila shule ya sekondari ya kata ilifika kileleni. Wananchi walichanga, na majengo mengi yakasimama. Lakini chumba cha maabara kisicho na vifaa, au chenye vifaa vilivyofungiwa kabatini visivunjike, hakimsaidii mwanafunzi. Bika iliyovunjwa na mtoto anayejaribu imefanya kazi yake. Iliyohifadhiwa miaka 10 bila kushikwa haijafundisha mtu.

Sasa tumepata nafasi nyingine. Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi, katika sekondari, na utekelezaji wa mitaala mipya ulianza Januari 2024. Nauunga mkono mwelekeo huu kwa moyo wote, na kwa sababu hiyo nina hofu. Majirani zetu wa Kenya walianza mtaala wa umilisi mwaka 2017, na malalamiko ya wazazi yalifuata upesi: vifaa vya kununua, kazi za kuchapisha, na mzazi anayekesha kutengeneza kielelezo ambacho mtoto atakikabidhi asubuhi kama chake. Elimu ya vitendo inayotegemea mfuko wa mzazi huwaacha nyuma watoto wale wale iliyokusudiwa kuwainua. Sisi tuna njia nafuu zaidi, nayo ni kuanza na kazi ambazo watoto tayari wanazifanya.

Nitatoa mfano wa ndoo na maji. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, uikate chini ya mabega, uigeuze sehemu ya juu iwe faneli. Weka kokoto kitakoni, mimina maji hadi pale ukuta wa chupa unapoanza kunyooka, kisha bandika rula sifuri yake ikiwa usawa huo. Ifunge kwenye nguzo mahali pa wazi, mbali na paa na miti. Hicho ni kipimo cha mvua, na gharama yake ni selotepu. Kila asubuhi kundi la zamu lisome, liandike kwenye daftari, lirudishe maji usawa wa sifuri.

Sasa kundi liulizwe swali: ni maji kiasi gani yameanguka juu ya paa la darasa? Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Watoto walipime jengo lao kwa kamba. Likiwa na urefu wa mita 20 na upana wa mita 8, paa linafunika mita za mraba 160. Usiku ikanyesha milimita 10, mvua ya kawaida kabisa katika msimu wa masika. Zimeanguka juu ya bati lita 1,600, yaani ndoo 80 za lita 20. Nyingine zitarukia pembeni na nyingine zitavuja njiani, lakini hesabu ni hiyo. Mtoto anayeamka alfajiri kuteka maji mtoni atakokotoa mwenyewe kwamba usiku uliopita ndoo 80 zilimwagika mlangoni pa darasa lake. Hatahitaji kulazimishwa kupenda hesabu siku hiyo. Somo hilo moja limebeba eneo na ujazo, hali ya hewa na usafi. Limebeba pia Kiswahili, kwa sababu hatua inayofuata ni kuandika barua kwa kamati ya shule kuomba mifereji ya paa na tangi.

Najua pingamizi lililopo, nalo ni la haki. Tangu sera ya elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, watoto waliokuwa wakibaki nyumbani wameingia shule, jambo jema lisilohitaji kutetewa. Lakini mwalimu mwenye watoto 100 darasani hawezi kuwasimamia wote wakipima na kukata chupa. Jibu langu ni kwamba shule imekwisha kuwagawa. Makundi ya usafi yenye watoto 10 na kiranja wao yapo tangu siku ya kwanza ya muhula, na yanafanya kazi bila mwalimu kusimama juu yao. Kundi linaloweza kukabidhiwa fagio linaweza kukabidhiwa daftari la vipimo. Mwalimu asikie taarifa ya kundi moja kila asubuhi, dakika 5 tu, na aulize swali moja.

Tuwaite pia wenye ujuzi. Kila mji mdogo una fundi seremala, fundi baiskeli, mama anayesindika maziwa, fundi cherehani. Yule muuza aiskrimu wa Tanga alijua jambo ambalo vitabu vya shule havikulijua. Fundi baiskeli akija siku moja na baiskeli yake, akaipindua juu chini na kuwaacha watoto wahesabu meno ya gia ya mbele na ya nyuma, uwiano utaeleweka kuliko kwa mifano 20 ya ubaoni. Alipwe kitu kwa muda wake na aheshimiwe kama mwalimu.

Ombi langu kwa walimu wakuu na kamati za shule ni fupi. Jembe, fagio na ndoo zisitumike tena kuwa adhabu. Daftari la mapato ya mradi lifunguliwe mbele ya wanafunzi waliolima. Mlango wa maabara uwe wazi baada ya vipindi, na mtu wa kuangalia awepo. Na mtoto akija na jambo aliloliona kwa macho yake linalopingana na kitabu, asichekwe, bali apewe bika mbili. Mpemba aliweka maziwa ya moto kwenye jokofu mwaka 1963, na swali lake lilichapishwa mwaka 1969. Miaka 6 ni mingi kwa mtoto kusubiri mtu wa kumsikiliza.