Mgeni Anapohamia Moshi

Raia wa nchi nyingine anayehamia Moshi hupitia hatua mbili: ya sheria, inayompa haki ya kuishi, na ya ujirani, inayomfanya mkazi.

Mji huu una historia ndefu ya wageni wa aina hiyo. Mmishenari Mjerumani Bruno Gutmann alifika Uchagani mwaka 1902, akajifunza lugha na kuandika kwa kina juu ya mila za Wachaga. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilileta madaktari na wauguzi kutoka nje. Watoto wao walisoma katika shule ya kimataifa iliyoanzishwa mwaka 1969, ambayo tangu 2019 huitwa UWC East Africa. Siku hizi wamo pia watafiti na watu wa kujitolea.

Kwa upande wa sheria, mgeni anahitaji kibali cha ukaazi kutoka Idara ya Uhamiaji. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri, daraja B ni la walioajiriwa, na daraja C ni la wanafunzi, watafiti, wamishenari na wengineo. Mwajiriwa anahitaji pia kibali cha kazi, ambacho hutolewa na Kamishna wa Kazi.

Kuhusu makazi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Huko kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kihamba, yaani shamba la familia, hurithiwa ndani ya ukoo. Kwa hiyo wageni wengi hupanga nyumba, hasa Shanty Town, Soweto na Rau. Dalali huomba ujira wake, na wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Umeme ni wa LUKU, yaani wa kulipia kabla: mpangaji hununua kwa simu, hupokea tarakimu 20, huziingiza kwenye mita, na taa zinawaka. Simu hiyo hiyo ndiyo pochi ya kila siku, kwa kuwa mafundi na wenye maduka hulipwa kwa pesa za mtandao.

Sokoni Mbuyuni, mgeni hujifunza kwamba ndizi si aina moja. Mshare ni ya mtori, supu nzito ya ndizi, kisukari huliwa mbivu, na mzuzu huchomwa au hukaangwa. Bei hupatanwa kwa upole, na salamu hutangulia maulizo ya bei.

Ujirani huanza kwa kujitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, ambaye ndiye huandika barua za utambulisho. Baada ya hapo yanayopimwa ni matendo. Mdogo humwamkia mkubwa shikamoo. Msiba ukitokea, jirani huenda kuhani na kutoa rambirambi hata kama hakumfahamu marehemu. Akikaribishwa mbege, pombe ya ndizi, asiyekunywa hukataa kwa shukrani bila kuonyesha karaha. Mlimani, mmea wa isale huweka mpaka wa kihamba, na jani lake hubebwa na anayeomba msamaha. Kuung'oa mpakani ni kosa zito.

Desemba Wachaga wa Dar es Salaam na kwingineko hurudi kwao. Mabasi hujaa, nauli na nyama hupanda, na karibu kila boma lina sherehe. Mgeni anayealikwa mezani msimu huo amekwisha kuhesabiwa jirani, na heshima hiyo haitolewi na kibali chochote.