Lubumbashi: Mitishamba na enzimu kwa kuku wa nyama, faida iko wapi?

Mjini Lubumbashi, hesabu ya mfugaji wa kuku wa nyama inaanzia kwenye mfuko wa mahindi. Chakula kinakula zaidi ya nusu ya gharama zote, mara nyingi hadi asilimia 70, na mahindi mengi ya Haut-Katanga yanapitia Kasumbalesa kutoka Zambia. Mwaka 2024 Zambia ilipotangaza ukame kuwa janga la taifa, jimbo linalotegemea mashamba ya jirani halikuweza kulala usingizi.

Kuku wa nyama anakaa bandani wiki 5 hadi 6 tu. Akiharisha siku 3, uzito unarudi nyuma na hana muda wa kuufidia. Ndiyo maana wafugaji wengi wanatia antibiotiki katika maji tangu siku ya kwanza, hata kuku wakiwa wazima, na wengine wanaendelea hadi siku ya kuuza. Oksitetrasiklini inanunuliwa kama chumvi, bila karatasi ya daktari wa mifugo.

Hapo ndipo shida inapotoka bandani na kuingia nyumbani. Mabaki ya dawa yanabaki katika nyama, na vijidudu vinavyoizoea dawa havichagui kati ya kuku na mtu. Doksisiklini, ndugu wa karibu wa oksitetrasiklini, ni moja ya dawa wanazopewa wagonjwa wa kipindupindu, ugonjwa ambao Kongo inaujua vizuri mno.

Sweden ilikataza antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukamaliza kazi hiyo tarehe 1 Januari 2006. Tangu hapo biashara ya vitu vya kuchanganya katika chakula imekua, hasa enzimu na mitishamba.

Enzimu zina maelezo yaliyo wazi zaidi. Karibu theluthi mbili za fosforasi iliyo katika mahindi na soja imefungwa, na tumbo la kuku halina ufunguo wa kutosha. Enzimu inayoitwa fitazi, iliyoanza kuuzwa Uholanzi mwaka 1991, inaifungua. Mfugaji anapunguza fosfati ya kununua, na mifupa ya kuku inabaki imara. Zilanazi inavunja nyuzi za nafaka, lakini inafaa zaidi pale chakula kina pumba za ngano. Kwa mahindi na soja peke yake faida yake ni ndogo.

Kuna makosa mawili yanayoharibu pesa. Enzimu inapimwa kwa gramu katika tani nzima, kwa hiyo ichanganywe kwanza na kilo chache za unga, kisha na chakula chote. Ukiimwaga moja kwa moja, kuku wengine hawataionja. Na enzimu nyingi zinakufa katika joto linalopita nyuzi 80. Tena, soja mbichi lazima ikaangwe: hakuna enzimu ya dukani ya kutegemea mahali pa moto.

Mitishamba inahitaji subira zaidi. Mafuta ya oregano, yenye karvakroli na timoli, yanaua bakteria katika maabara, vilevile maji ya kitunguu saumu. Bandani matokeo yanabadilika, kwa sababu jani la msimu wa mvua si sawa na la kiangazi, na namna ya kulikausha inabadilisha nguvu yake. Majani makavu ya moringa yana protini karibu robo ya uzito wake, lakini yakizidi katika chakula, nyuzi zake zinapunguza ukuaji. Artemisia imejaribiwa dhidi ya koksidia, na majibu hayafanani.

Kwa ugonjwa wa Newcastle hakuna jani. Ni chanjo tu, na ikipitia maji, yasiwe ya bomba yenye klorini, maana klorini inaiua.

Mfugaji anayetaka kujua kama kitu kinamsaidia anaweza kugawa kundi mara mbili, apime chakula na uzito. Kuku wanaokula vizuri wanatumia kilo 1.6 hadi 1.8 za chakula kwa kilo moja ya uzito. Kwa kuku 200 wa kilo 2 kila mmoja, kupunguza gramu 100 tu katika kila kilo ni kuokoa kilo 40 za chakula. Bei ya hizo kilo 40 ndiyo ya kulinganishwa na bei ya pakiti, kabla ya kulipa.