Tufike Kabla ya Msiba

Habari za msiba hazingoji barua katika wilaya ya Kyela. Mtu akifariki alfajiri, ikifika saa nne akina mama wamekwisha kujaa uani: huyu ana kuni kichwani, yule debe la mchele, mwingine mkungu wa ndizi, na mwingine hana kitu ila mikono yake na kisu cha kumenyea. Hakuna aliyewaita kwa majina. Mikeka inatandikwa, mafiga yanapangwa, masufuria makubwa ya kanisa yanaletwa, na waliofiwa hawaulizwi hata chumvi iko wapi. Wamoraviani, Walutheri, Wakatoliki na Wapentekoste utawakuta wakichambua mchele katika ungo mmoja, jambo ambalo mikutano mingi ya viongozi wetu haijaliweza.

Tunalisifu jambo hili kwa moyo wote. Lakini tuna swali, nalo linatuuma sisi wenyewe kwanza. Huyo marehemu aliugua muda gani, na katika muda huo ni wangapi kati yetu tuliofika na kuni?

Tulikuwa na mama mmoja jirani yetu aliyelala kitandani tangu Krismasi hadi baada ya Pasaka. Kila Alhamisi, katika kipindi cha akina mama, tulimtaja kwa jina katika maombi. Kwenda kumwona, tulikwenda mara mbili. Watoto wake wawili waliacha kuja Shule ya Jumapili, nasi tukadhani ni utukutu. Kumbe ndio waliokuwa wakichota maji, kufua na kupika. Alipofariki tulichanga vizuri sana, hata matanga yalipokwisha kukabaki magunia mawili ya mchele. Magunia mawili! Nyumba ile ya watu wanne ingekula miezi mitatu. Tuliyaangalia yale magunia, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukisoma Mathayo sura ya 25 kwa macho mengine. Bwana Yesu anataja watu wa namna sita: wenye njaa, wenye kiu, wageni, walio uchi, wagonjwa na wafungwa. Kuzika hakumo. Kanisa lilikuja kuongeza baadaye kuzika wafu kuwa tendo la saba la huruma, kwa kufuata mfano wa Tobiti, nalo ni tendo jema. Lakini watu wa orodha ya Bwana ni watu wanaopumua.

Na tazama Injili ya Marko. Katika sura ya 16 wanawake wanakwenda kaburini asubuhi na mapema wakiwa na manukato waliyoyanunua, na hayana kazi tena, kwa maana mwili haupo. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyewahi, yule wa Bethania katika sura ya 14, aliyevunja chupa yake Yesu akiwa hai, ameketi mezani. Watu walimlaumu kwa hasara. Bwana mwenyewe alimtetea, akasema kwamba amewahi kuupaka mwili wake kwa ajili ya maziko. Kuwahi ndiko tunakokuzungumzia hapa.

Daftari lisiloonekana

Kwa nini tunawahi msibani na kuchelewa kwa mgonjwa? Si ugumu wa moyo. Tumelijadili jambo hili na akina mama wengi, na jibu lao ni lile lile, ingawa hulitoa kwa sauti ya chini: asiyekwenda kwa wenzake, na kwake hawataenda. Msiba una daftari. Halikuandikwa kwa kalamu, lakini kila mtu anajua nani alikuja na nani hakuja, nani alileta debe na nani alileta kibaba. Mgonjwa hana daftari. Ukimfulia nguo zake usiku hakuna ajuaye, na yeye mwenyewe huenda asipate nguvu ya kukulipa kamwe.

Jambo hili lina mizizi. Miaka ya 1930 mtaalamu wa mila Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi miongoni mwa Wanyakyusa, na mwaka 1951 kikatoka kitabu chake kiitwacho Good Company. Anaeleza jinsi wavulana, wakifikia umri wa miaka 10 au 11, walivyojenga vibanda vyao pembeni na kuishi na wenzao wa rika. Chakula walikwenda kula kundi zima kwa mama wa mmoja wao, kisha kwa mama wa mwingine. Basi mama mwenye mwana mmoja alipika chungu cha kundi, na wala hakujua leo watakuja wangapi. Raha ile ya kukaa na kula na wenzako iliitwa ukwangala, na kula peke yako ilikuwa aibu.

Mabibi zetu walipika sana! Tunawaheshimu. Lakini mwandishi huyo haufichi upande wa pili: mchoyo alishukiwa uchawi, na mtu alitoa pia kwa sababu aliogopa maneno ya jirani. Vijiji vya rika vimekwisha, chungu sasa kinapimwa kwa hesabu ya nyumba moja, lakini hofu ya maneno ya watu bado tunayo, na tunaona ndiyo inayotukimbiza msibani. Katika Luka sura ya 14 Bwana anataka tuwaalike wale wasio na cha kurudisha. Hapo ndipo mtu anapojua kama anasaidia kwa imani au kwa hofu.

Mwezi wa Aprili

Kuna ugumu mwingine, nao ni wa nchi yenyewe. Kyela iko bondeni, chini ya milima ya Rungwe na Livingstone, na mvua zake ni kati ya milimita 2,000 na 3,000 kwa mwaka. Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe yote inateremka kutoka milimani kuja ziwani, na masika yakikaza mito hiyo huacha njia zake na kuingia mashambani na majumbani. Mwezi wa Aprili mpunga bado haujakomaa. Ghala limebaki vumbi, na wapo wanaouza mpunga ungali shambani kwa bei ya kusikitisha ili wapate fedha za dawa. Mwezi huo huo ndipo mbu wanapozidi, na visima vikichanganyika na maji ya vyoo, kipindupindu hakiko mbali.

Kwa hiyo njaa, ugonjwa na mafuriko hufika pamoja, wakati ambapo kila nyumba ina kidogo. Anayesema "nikivuna nitasaidia" anasema kweli, lakini atavuna Juni, na mgonjwa ni wa Aprili. Ndiyo maana tunaona kwamba katika nchi ya namna hii msaada wa Kikristo hauwezi kuwa wa mabaki. Unapaswa kuwekwa akiba mapema, kama mbegu.

Wenzetu wa mbali wana njia nzuri. Katika jimbo la Mizoram, kaskazini mashariki mwa India, ambako nako wanakula wali, akina mama wa Kanisa la Presbiteri walianza mwanzoni mwa karne ya 20 desturi iitwayo buhfai tham. Mama akitaka kupika, anachota konzi moja ya mchele aliokwisha kuupima na kuiweka kando. Mchele huo hukusanywa nyumba kwa nyumba, huuzwa, na fedha zake zimeendesha kazi kubwa ya injili kwa zaidi ya miaka 100. Watu waliokuwa maskini wa fedha hawakuwa maskini wa konzi.

Tulikaa na kupiga hesabu. Konzi ya mkono wa mama ni kama gramu 50. Akipika mara mbili kwa siku, kwa mwezi ni kilo 3. Akina mama 20 wa mtaa mmoja wana kilo 60, zaidi ya nusu gunia, na nyumbani hakuna aliyelala njaa. Wakianza Juni, ifikapo Machi wamepitisha zaidi ya magunia matano. Mchele hupata wadudu upesi, kwa hiyo ulioletwa uliwe na wahitaji au uuzwe mwezi ule ule. Cha kuweka akiba ni mpunga, tena uliokauka vizuri, juu ya vichanja, mbali na maji.

Tunaomba jambo moja hapa. Hadithi ya mjane wa Sarepta, aliyempa Eliya mkate kutoka unga wake wa mwisho, isitumiwe kumkamua mjane wa mtaani. Tumesikia ikihubiriwa hivyo, na hatukuipenda. Mama ambaye konzi yake ndiyo chakula cha mtoto asichange. Yeye ndiye tunayemchangia.

Wodini, bila wa kumpikia

Konzi hizo ziende wapi? Mgonjwa wa nyumba ya pili tumekwisha kumtaja. Lakini yupo mwingine ambaye ni rahisi kumsahau. Kusini mashariki ya Matema milima ya Livingstone inaangukia ziwani moja kwa moja. Huko wanakaa Wakisi, na kutoka vijiji kama Ikombe watu huja Matema kwa mtumbwi au kwa miguu. Ndivyo anavyokuja mama mwenye uchungu wa kujifungua, au aliyebeba mtoto mwenye degedege, ili afike Hospitali ya Kilutheri ya Matema. Huduma kwa wajawazito na watoto chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali kisera ni bure, lakini mtumbwi hauna sera, na mawimbi hayajui msamaha.

Akifika salama, amefika peke yake au na dada mdogo. Kama ilivyo katika hospitali nyingi za nchi yetu, chakula cha mgonjwa kinaletwa na ndugu. Ndugu zake wako ng'ambo ya maji. Basi wakati wenzake wanafunguliwa vikapu, yeye anageukia ukutani na kujifanya amelala. Bakuli moja la uji, kipande cha sabuni, kanga kavu ya kumpokelea mtoto: vitu hivi kwetu ni vidogo hata tunaona haya kuvitaja kanisani.

Tunasema hivi kwa sababu ya Matendo ya Mitume sura ya 6. Kanisa la kwanza lilikuwa na ugawaji wa chakula kila siku, ugawaji mzuri, na bado wajane wa lugha nyingine walirukwa. Hakuna aliyekusudia. Waliogawa waliwaona wale waliowafahamu, basi. Mitume walipoambiwa hawakujitetea. Walitaka wachaguliwe watu saba wasimamie. Nasi mtaani kwetu, anayezungumza Kikisi anarukwa, mgeni aliyevuka Songwe kutoka Malawi anarukwa, mama wa Kiislamu anarukwa kwa sababu hayumo katika jumuiya yetu. Kikundi chenye akina mama 20 kichague wawili tu ambao kazi yao ni kuuliza: nani tumemruka?

Na yule anayeugua ugonjwa wenye maneno? Miaka ya 1990, UKIMWI ulipopita mkoani Mbeya kama moto, wengi wetu tuliogopa kuketi kitandani kwa mgonjwa, kisha tukalia kwa sauti kubwa mazikoni. Kuanzia mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini, na watu wanaishi na kulea watoto wao. Msaada wake sasa ni mwepisi kuliko zamani: kumsindikiza kliniki, kumwachia chakula cha kumezea dawa, na kufunga kinywa.

Mume ajue

Wapo watakaotuuliza juu ya baba wa nyumba. Wengine hutoa kwa siri, wakificha kibaba ndani ya kanga. Tunaelewa kwa nini, lakini siri hiyo ikifumbuka hubomoa nyumba yako na kumwaibisha aliyepewa. Yule mama wa Shunemu katika 2 Wafalme sura ya 4 alizungumza na mumewe kwanza: tumjengee mtu huyu chumba kidogo, tuweke kitanda, meza, kiti na kinara. Alipanga hata vyombo, ndipo mume akaona jambo lenyewe linavyoonekana. Baba ambaye hakubali "kutoa mchele" mara nyingi hukubali konzi akiiona kwa macho ilivyo ndogo. Tena mtume yeye. Mgonjwa wa kiume anahitaji mwanamume wa kumwogesha, na paa linalovuja halingoji kikundi cha akina mama.

Watoto nao wabebe sahani. Mtoto aliyezoea kupeleka uji kwa bibi wa jirani hutuletea habari ambazo sisi hatuzijui: bibi hakuamka leo, maji yamekwisha, kuni zimelowa.

Habari za mwambao wa mbali nazo zina wachukuzi wake. Kila Jumamosi kuna soko la vyungu pale Lyulilo, karibu na Matema. Akina mama wa Kikisi huleta vyungu walivyofinyanga kwa mikono, vimepangwa mtumbwini kwa uangalifu, na sisi huenda kuchagua, tukivigonga kwa kidole kusikia kama vina ufa. Tumezoea kushindana nao kwa bei hadi shilingi ya mwisho. Siku hizi, tukikwisha kununua, tunawauliza pia nani kwao hajatoka ndani wiki hii. Wanajua. Wanataja jina, kijiji, na mtoto wa nani. Kabla upepo wa kusini haujainua mawimbi wanaanza kurudi, na kati ya vyungu visivyouzwa kuna mfuko mdogo wa mchele uliofungwa fundo, na kiberiti juu yake.