Nati ikigoma: Kabla ya kuvuta, jiulize ni kipi kinachotupwa

UKISIKIA ‘ko-ko-ko’ upande wa mbele kila gari likipanda tuta, usianze kuuza simu. Kwenye magari mengi madogo ya mtaani kama Vitz, Probox na Demio, mara nyingi ni linki ya stabilaiza imechoka. Ni kifimbo kifupi kilichoshikwa na nati mbili tu, na vijana wengi wenye ndai ya kwanza hukibadilisha wenyewe kwenye maegesho ya ploti.

Shida huanza nati inapokataa kutoka. Hapo kazi ya nusu saa hula Jumamosi yote, na mwenye pupa huishia na vidole vilivyochubuka.

Wa kulaumiwa ni kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, kwa hivyo hujaza meno ya bolti mpaka nati inaganda kama imechomelewa. Pwani, hewa ya chumvi huharakisha mambo. Na kwa kuwa Kenya huruhusu kuagizwa kwa magari yaliyotumika yasiyozidi miaka minane, gari lililotembea Japan kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji linaweza kufika bandarini tayari limeanza kuliwa.

Anza na usalama. Nati iliyoganda hufanya uvute kwa nguvu, na gari lililo kwenye jeki pekee linaweza kuteleza. Egesha mahali tambarare, inua mbele, kisha weka stendi pande zote mbili. Usitumie matofali, hupasuka ghafla. Kuinua pande zote kuna faida nyingine: ukiinua upande mmoja tu, stabilaiza hujipinda na kuivuta linki, nati ikazidi kukaza.

Sasa sugua meno ya bolti kwa brashi ya waya, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, kisha enda ukanywe chai. Ukiweza, yaache usiku kucha. Mafuta hupenya polepole, hayajui kama una haraka.

Ukirudi, gonga nati kidogo kwa nyundo ili kutu ipasuke. Tumia spana au soketi inayoshika barabara. Iliyolegea hula kona za nati, na hapo umejiongezea kazi. Kaza kidogo kwanza, kisha fungua. Nati ikisonga robo mzunguko, irudishe, ongeza mafuta, halafu uendelee. Bolti nzima ikizunguka na nati, izuie kwa alenki kwenye tundu lililo kwenye ncha yake.

Bado imegoma? Hapa ndipo wengi hukimbilia bomba refu. Ukirefusha mkono wa spana kutoka sentimita 30 hadi 60, nguvu ile ile ya mkono wako huongezeka mara mbili kwenye nati. Inafungua, ndiyo, lakini pia inakata bolti.

Kwa hivyo jiulize: nati hii imeshika kitu cha kutupa au cha kubaki? Linki ya zamani inaenda kwa vyuma chakavu na mpya huja na nati zake. Hii usiihurumie. Vaa miwani ya kukinga macho, ikate kwa msumeno wa chuma, na chunga usiguse paipu ya breki. Achana na moto; karibu hapo kuna mpira, mafuta na hiyo paipu.

Nati ya gurudumu, ya breki au ya ekzosi ni hadithi tofauti. Imeshika vitu vinavyobaki, na bolti ikikatikia ndani, gharama yake haitakuwa ya linki tena. Mafuta na subira vikishindwa, weka spana chini uite fundi mapema, bolti ingali nzima. Kumlipa afungue nati ni nafuu kuliko kumlipa achimbe bolti iliyokatika.